Gdańsk: Mji wa bahari uliojengwa upya na watu waliopoteza kwao

UKISIMAMA katikati ya Długi Targ, yaani Soko Refu, katika mji wa Gdańsk kaskazini mwa Poland, utaapa kwamba nyumba zinazokuzunguka zina umri wa miaka 400. Ni nyembamba na ndefu, zimepakwa rangi za kila namna, na juu ya mapaa yake zimesimama sanamu za mawe.

Ukweli ni kwamba nyingi kati ya hizo ni changa kuliko marehemu babu yangu.

Niliyajua hayo Agosti mwaka jana, nilipofika huko kwa semina ya walimu wa historia. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Burundi. Mwaka 1993, nikiwa na miaka 11, nilivuka mpaka na mama yangu kuingia Kigoma, Tanzania, na darasa langu likawa chini ya turubai la kambi. Nilirudi nyumbani mwaka 2004. Kwa hiyo mji wowote wenye habari za watu walioondoka na watu waliorudi hunifanya nisimame nisikilize.

Mji wenye majina mawili

Gdańsk uko karibu na mahali Mto Wisła unapoingia Bahari ya Baltiki. Kwa karne nyingi ulikuwa mji wa wafanyabiashara, na nafaka za Poland zilipita hapo kwenda Ulaya Magharibi. Wajerumani waliuita Danzig. Kati ya mwaka 1920 na 1939 ulikuwa Mji Huru chini ya Shirikisho la Mataifa, na wakazi wake wengi walisema Kijerumani.

Machi 1945 jeshi la Kisovieti liliuteka, na sehemu kubwa ya mji wa kale ikateketea. Wajerumani walikimbia au walifukuzwa. Mahali pao wakaja Wapoland, na wengi wao walitoka mikoa ya mashariki ambayo ilichukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Wao nao walikuwa wamepoteza kwao.

Watu hao ndio walioujenga mji upya, wakifuata michoro na picha za zamani. Mbele, nyumba zinafanana na zile za matajiri wa karne ya 17. Ndani zilipangwa vyumba vya kawaida vya wafanyakazi. Mgeni akizunguka nyuma ya nyumba hizo, ataona nguo zimeanikwa.

Pa kuanzia

Mji wa kale unatembeleka kwa miguu. Anza kwenye chemchemi ya Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi, iliyozinduliwa mwaka 1633. Kutoka hapo ni hatua chache hadi Kanisa la Mtakatifu Maria, mojawapo ya makanisa makubwa zaidi ya matofali duniani. Ujenzi wake ulianza mwaka 1343 na kumalizika mwaka 1502. Mnara wake una ngazi zaidi ya 400. Mimi nilizipanda nikipumzika mara tatu, na juu nikaiona bahari.

Nyuma ya kanisa kuna mtaa wa Mariacka, ambako huuzwa kaharabu, utomvu wa misonobari ya kale sana uliogeuka kuwa kama jiwe. Kuna kaharabu za bandia pia, hivyo ni salama zaidi kununua dukani kuliko kwa mchuuzi wa njiani.

Ukiteremka hadi Mto Motława utaona Żuraw, winchi ya mbao iliyojengwa katika miaka ya 1440. Iliinua mizigo ya meli kwa nguvu za wanaume waliotembea ndani ya magurudumu makubwa. Iliungua mwaka 1945, ikajengwa tena, na leo ni sehemu ya makumbusho ya bahari.

Usiondoke bila kuingia Makumbusho ya Taifa kuona mchoro wa Hans Memling uitwao Hukumu ya Mwisho. Ulikuwa njiani kupelekwa Italia mwaka 1473 maharamia wa Gdańsk walipoiteka meli yake. Watu wa Napoleon waliuchukua hadi Paris, ukarudi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Wasovieti waliupeleka Leningrad, na mwaka 1956 ukarudi tena. Nilitabasamu mbele yake. Nilijiona nimekutana na mkimbizi mwenzangu.

Vita na mgomo

Boti kutoka mjini zitakupeleka Westerplatte. Alfajiri ya Septemba 1, 1939, manowari ya Kijerumani Schleswig-Holstein ilifyatua mizinga hapo, na Vita Kuu ya Pili ikaanza. Wapoland wapatao 200 walistahimili kwa siku saba. Siku hiyo hiyo ya kwanza wafanyakazi wa Posta ya Poland mjini walipigana kutwa nzima kulitetea jengo lao. Waliotekwa walipigwa risasi Oktoba 5 mwaka huo.

Kwa upande wa kaskazini wa mji wa kale kuna kiwanda cha kutengeneza meli. Langoni imesimama misalaba mitatu ya chuma yenye kimo cha mita 42, kuwakumbuka wafanyakazi waliopigwa risasi Desemba 1970. Agosti 1980 wafanyakazi waligoma tena baada ya mwendesha winchi, mama Anna Walentynowicz, kuachishwa kazi miezi michache kabla ya kustaafu. Fundi umeme Lech Wałęsa aliongoza mgomo huo, ukazaa chama cha Mshikamano.

Madai yao 21 yaliandikwa kwa mkono juu ya mbao mbili, na mwaka 2003 UNESCO iliziweka katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Habari hizo zote zinaelezwa katika Kituo cha Mshikamano cha Ulaya, kilichofunguliwa mwaka 2014. Tenga nusu siku nzima.

Bahari na chakula

Ukitaka kupumzika, panda treni ya mjini hadi Sopot, mwendo usiozidi nusu saa. Kuna gati la mbao lenye urefu wa zaidi ya mita 500 na fukwe za mchanga mweupe. Maji ni baridi hata Agosti, na chumvi yake ni kama sehemu moja tu kati ya tano za ile ya bahari kuu. Sisi tuliozoea Ziwa Tanganyika tutayaona ya chumvi vivyo hivyo.

Kwa chakula, tafuta migahawa iitwayo bar mleczny, ambako watu wa kawaida hula kwa bei nafuu. Agiza pierogi, mfano wa sambusa zilizochemshwa, au żurek, supu ya unga uliochachushwa. Fedha inayotumika ni złoty, si yuro.

Habari kutoka Tengeru

Mwenyeji wetu katika semina alikuwa mwalimu mstaafu. Alinisalimu, "Jambo!" Nikashangaa. Akanieleza kwamba mama yake alilijua neno hilo tangu utoto, kwa kuwa alikulia Tengeru, karibu na Arusha.

Msomaji, wakati wa vita ile maelfu ya Wapoland waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu walipitia Iran hadi Afrika Mashariki. Tengeru peke yake iliwapokea kama 5,000, na wengine walikaa Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo.

Mama yake aliporudi Poland mwaka 1947, kijiji chao kilikuwa tayari ndani ya Umoja wa Kisovieti. Familia ikapewa chumba Gdańsk. Kabatini walikuta sahani zenye maandishi ya Kijerumani, wakazilia chakula miaka mingi. "Mama hakuzivunja," aliniambia, "wala hakusema ni zake."

Kisha akanipeleka mahali ambapo watalii wengi hawafiki, karibu na stendi ya mabasi: Makaburi ya Makaburi Yasiyokuwapo Tena. Yalizinduliwa mwaka 2002 kuwakumbuka wakazi wa zamani wa madhehebu yote, ambao makaburi yao yalifutwa baada ya vita.

Nilikaa kimya pale kwa muda. Tuliporudi mwaka 2004 tulikuta familia nyingine katika shamba letu. Tuligombana miaka, mwisho tukagawana. Ila juu ya kaburi la babu palikuwa pameota mihogo, na jambo hilo sikuwa nimelisamehe.

Niliporejea kutoka Gdańsk nilimwendea jirani yangu, nikamwomba anionyeshe mahali penyewe, kwani kipande hicho kiko upande wake. Hakubisha. Alikuja na jembe, akang'oa mihogo mwenyewe, tukaweka jiwe.

Mihogo aliyong'oa tuligawana pia.