Ndoano Kwanza, Ufito Mwisho: Zana za Kuvulia Sangala katika Ziwa Tanganyika

Mnunuzi wa zana za kuvulia kwa mshipi, kwa kawaida, huanza na ufito, kwa kuwa ndio unaoonekana na ndio wenye bei kubwa, kisha hutafuta mshipi wa kuufungia, na ndoano huiokota mwishoni bila kuifikiria sana. Kwa mwambao wa Kigoma na Ujiji utaratibu huo unafaa kupinduliwa, kwa sababu kinachoamua kama samaki ataingia mtumbwini ni zile sentimita chache za mwisho, yaani ndoano, fundo linaloishikilia na kipande cha mshipi kinachogusa jiwe, na kila kinachofuata kuelekea mkononi mwa mvuvi hupimwa kwa kiasi cha nguvu ambacho sehemu hizo zinaweza kuhimili.

Vitabu vingi vya uvuvi wa burudani vimeandikwa kwa ajili ya besi wa Marekani, samaki ambaye Afrika Mashariki anajulikana zaidi katika Ziwa Naivasha nchini Kenya, alikopandikizwa katika miaka ya 1920. Huyo ni samaki wa maji ya kina kifupi yenye majani, naye hawindwi kwa namna moja na wawindwao Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia takriban mita 1,470, ingawa tarakimu hiyo haipaswi kumtisha mnunuzi wa mshipi, kwani upande wa kaskazini, ilipo Kigoma, hewa ya oksijeni huisha kwenye kina cha takriban mita 100 au zaidi kidogo, na chini ya hapo hakuna samaki wa kumtafuta. Yenye uzito zaidi ni mambo mengine mawili. La kwanza ni weupe wa maji, ambayo mara nyingi huwa maangavu kiasi kwamba kisahani cheupe kikishushwa huonekana hata kupita mita 10. La pili ni sakafu ya pwani: Ujiji na kuelekea delta ya Mto Luiche pana mchanga na matope, ilhali kuzunguka Bangwe na Katonga majabali huteremka moja kwa moja majini, yenye kingo zinazoweza kuukata mshipi mwembamba mara unapojisugua.

Samaki wenyewe ni wa aina kadhaa. Jenasi ya Lates, ukoo uleule wa sangara wa Ziwa Victoria, ina spishi nne katika Tanganyika, na zote hazipatikani kiasili penginepo duniani. Mgebuka ndiye mdogo wao, mwenye mwili mwembamba, naye husafiri kwa makundi katika maji ya wazi akiwafuata dagaa. Wenzake wakubwa, ambao kwa ujumla huitwa sangala, wengine huvizia kando ya miamba, wengine hukaa karibu na sakafu, na spishi kubwa kupita zote huweza kuzidi urefu wa mita moja. Kuhe si wa ukoo huo, bali ni jamaa wa ngege, na ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa familia yake. Hula samaki wenzake na hupatikana karibu na pwani. Atakayesema kwamba seti moja ya zana huwatosha wote hao, huenda ana zana za kuuza.

Ndoano huchaguliwa kwa kinywa cha samaki na kwa ukubwa wa chambo. Namba zake huwachanganya wengi, kwa sababu namba ya kawaida ikipanda ndoano hupungua, hivyo namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Lakini baada ya namba 1 hufuata zile zenye mstari na sifuri, yaani 1/0, 2/0 na kuendelea, ambazo hukua kadiri tarakimu inavyopanda. Aidha, namba moja ya watengenezaji wawili haifanani daima, kwa hiyo ni salama zaidi kupima kwa jicho uwazi uliopo kati ya mpini wa ndoano na ncha yake. Uwazi huo unapaswa kubaki hata baada ya chambo kuvishwa; dagaa mzima akiujaza, ncha haina pa kushika. Kwa mgebuka hufaa ndoano ndogo yenye waya mwembamba, ambayo huzama kwa mvuto mdogo. Kwa sangala wa mwambani, waya mwembamba ni hasara, kwa kuwa samaki akijichomeka chini ya jiwe ndoano hunyooka. Ipo pia ndoano ya duara, yaani ile ambayo ncha yake imepindishwa ndani kuuelekea mpini: hiyo haihitaji mvuto wa ghafla, kwani samaki anapogeuka na kuondoka huteleza mpaka pembeni mwa mdomo na kushika hapo, na kwa chambo kilichotulia sakafuni haina mshindani.

Katika mshipi ndipo fedha nyingi hupotea bila sababu. Mishipi inayouzwa leo ni ya aina tatu. Wa nailoni wa uzi mmoja ni rahisi, hunyumbuka na kusamehe makosa ya mkono, ila hunywa maji na hapo hupungukiwa na sehemu ya nguvu zake, tena jua huuchakaza. Wa kusuka, uliotengenezwa kwa nyuzi za poliethilini, ni mwembamba na wenye nguvu nyingi kwa unene wake, na hunyumbuka kidogo mno, hivyo kugusa kwa samaki aliye mita 60 chini huhisiwa mkononi mara moja, jambo ambalo nailoni, kwa kunyumbuka kwake, hulifisha njiani; udhaifu wake ni kwamba unaonekana wazi majini na ukingo wa jabali huukata upesi. Wa tatu ni wa florokaboni, ambao sifa yake hueleweka kwa kipimo cha namna kitu kinavyopinda mwanga: maji yana kipimo cha 1.33, florokaboni takriban 1.42 na nailoni takriban 1.53, na kadiri kipimo cha kitu kinavyokaribia cha maji ndivyo kitu hicho kinavyofifia machoni. Tena ni mzito, hivyo huzama, ilhali wa kusuka huelea.

Kwa maji ya Kigoma jibu la busara ni kuunganisha, yaani mshipi mkuu uwe wa kusuka na mita chache za mwisho ziwe za florokaboni au za nailoni nene, zitakazopokea msuguano wa jiwe. Samaki wa Lates hana meno ya kukata, ila ana vijimeno vingi vidogo vilivyo kama msasa pamoja na kingo kali za vifuniko vya mashavu, na vyote hivyo hula mshipi polepole. Waya wa chuma hauhitajiki kwake, bali huhitajika pale midomoni mwa mito anapopita samaki mwingine, mwenye meno marefu yanayopishana. Kuhusu unene, ikumbukwe kwamba nguvu hufuata eneo la mkato na si kipenyo, hivyo nailoni ya milimita 0.60 ina nguvu inayokaribia mara nne ya ile ya milimita 0.30. Anayevua migebuka usiku wa giza, pembeni mwa taa za mitumbwi ya dagaa, hana haja kubwa ya florokaboni, na nailoni ya bei nafuu humtosha.

Fundo ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote, ingawa fundo la kawaida, lile la kufungia mfuko, huweza kuupunguzia mshipi nusu ya nguvu zake, kwa kuwa mshipi hujikata wenyewe pale unapojipinda ghafla. Kwa nailoni, ncha hupitishwa katika tundu la ndoano, huzungushwa mara tano au sita kwenye mshipi wenyewe, mara tatu au nne ukiwa mnene, kisha hurudishwa katika kitanzi kidogo kilichobaki kando ya tundu na kukazwa. Kwa mshipi wa kusuka, ambao huteleza, njia hiyo haiaminiki; hapo mshipi hukunjwa mara mbili, mkunjo hupitishwa tunduni, hufungwa fundo legevu, ndoano nzima huingizwa katika kitanzi kilichobaki, ndipo vyote hukazwa pamoja. Kuunganisha mishipi miwili, kila mmoja hufungwa kwa mizunguko juu ya mwenzake, mizunguko minane kwa ule wa kusuka na minne kwa ule mnene, kisha mafundo mawili huvutwa mpaka yakutane. Kila fundo huloweshwa kwa maji au mate kabla ya kukazwa, kwa sababu msuguano huzaa joto, na poliethilini huyeyuka kabla ya kufikia nyuzi 150 za Selsiasi, ilhali nailoni hustahimili zaidi ya 200.

Ufito una maneno machache. Anayesimama ufukoni Ujiji huhitaji mrefu, wa mita tatu hivi, ili chambo kivuke mawimbi; aliye mtumbwini huhitaji mfupi, usiozidi mita mbili, wenye kiuno kigumu cha kumwinua sangala na ncha laini ya kuonyesha mguso. Rili, yaani kijigurudumu cha kukunjia mshipi, ibebe angalau mita 200, kwani samaki huongeza mbio zake juu ya kina ambacho tayari kimeumeza mshipi. Breki ya rili hurekebishwa kabla ya kuondoka mwaloni kwa mizani ya kuning'iniza: mshipi hufungwa kwenye kulabu ya mizani, huvutwa, na breki hulegezwa mpaka ianze kuachia kwenye robo au theluthi ya uzito unaolikata fundo, wala si ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha dukani.