Safari ya Tafi

(SAUTI YA MAWIMBI, KISHA INASHUKA)

Leo tunamzungumzia samaki ambaye karibu kila mtu wa pwani ya Tungue amemla: tafi, wengine humwita chafi.

Tafi naye ni msafiri. Wakubwa hukusanyika kutaga karibu na miamba, hasa mwezi ukiwa mpevu. Vitoto vyao havina nguvu ya kushindana na maji, hivyo mkondo huvibeba kwa wiki kadhaa. Pwani yetu ndipo mkondo mkuu unaotoka mashariki, upande wa Madagaska, unapogonga bara na kugawanyika: maji mengine huenda Tanzania na Kenya, mengine hushuka kusini. Vitoto vyenye bahati huingia ghubani, kwenye majani ya bahari na mikoko. Humo hula, hujificha, hukua. Baadaye hurudi kwenye miamba kutaga.

Safari hiyo ina maadui. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi, matumbawe mengi yakapauka na kufa. Aprili 2019 kikaja kimbunga Kenneth. Kisha vita: Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, watu walikimbia wakaacha mitumbwi na nyavu.

Asiye na mtumbwi huvua palipo karibu: kwenye majani, maji yakitoka, kwa chandarua. Sikulaumu, mama. Nyumbani kwetu pia tumekula. Lakini itazame sahani vizuri. Wale si dagaa wote; wengi ni vitoto vya tafi na changu, urefu wa kidole. Tukiwamaliza humo, hakuna wa kurudi kutaga.

Tufanye nini?

Kwanza, chandarua kibaki kitandani. Malaria inaua watoto, na dawa iliyomo inadhuru samaki.

Pili, tumia mshipi, au dema lenye matundu makubwa, vitoto vitoke.

Tatu, nenda kwenye kamati ya uvuvi, hata kama wewe ni mgeni. Kisiwani Vamizi wavuvi walikubaliana kupumzisha sehemu ya bahari yao. Nasi tunaweza kuchagua kipande kimoja cha majani.

Swali la wiki: kipande gani? Waulize wazee, utuletee jibu.

(MUZIKI)