Kuganda si kufanya fuwele

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamili anayetafsiri maelezo ya dawa alinijia na swali. “Prof, hapa niseme dawa ‘imeganda’ ama ‘imefanya fuwele’?” Nikamjibu harakaharaka kwamba yote ni mamoja, bora msomaji aelewe. Usiku nilijuta. Nilikuwa nimempotosha.

Hebu tutazame. Damu huganda. Maziwa pia huganda. Hata hivyo, hatuwezi kusema yamefanya fuwele. Fuwele ni kitu yabisi ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia pande zote. Kule Gongoni, Kaunti ya Kilifi, maji ya bahari yanapokauka juani huacha punje za chumvi zenye pembe mraba. Umbo hilo hutokana na mpangilio wa ndani. Kioo cha dirisha nacho ni kigumu, ila si fuwele, kwa sababu chembe zake hazina mpangilio kama huo.

Je, tofauti hii ina uzito gani? Chukua mfano wa ritonavir, dawa ya kukabiliana na virusi vya HIV iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1996. Mnamo 1998, molekuli zilezile zilianza kujipanga kwa namna nyingine. Fuwele hizo mpya hazikuyeyuka vyema, na vidonge vikaondolewa sokoni. Wagonjwa wakalazimika kutumia dawa ya maji yenye ladha mbaya. Dawa ni ileile, mpangilio tu ndio uliobadilika!

Basi wanasayansi huuonaje mpangilio huo ukizaliwa? Njia mojawapo hutegemea viini vya atomu. Baadhi ya viini, mathalan vya hidrojeni na vya kaboni-13, hufanya kazi kama sumaku ndogo. Ukiviweka ndani ya sumaku yenye nguvu na kuvirushia mawimbi ya redio, kila kiini huitikia kwa masafa yanayotegemea majirani zake. Ni kama lafudhi: mtu akifungua kinywa tu, unajua kama kalelewa Mvita au Lamu. Mashine za MRI hospitalini hutumia kanuni iyo hiyo.

Tatizo ni kwamba katika yabisi, sauti za viini huchanganyika kama kelele za sokoni. Ili kuzipambanua, sampuli hutiwa katika kichupa kidogo, kikainamishwa nyuzi 54.7 kutoka kwa mwelekeo wa sumaku, kisha kikazungushwa maelfu ya mara kwa sekunde.

Mwaka wa 2010, Colin Hughes na Kenneth Harris wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, walieleza walivyofuatilia kwa njia hii glisini, asidi amino iliyo sahili kuliko zote, ikifanya fuwele kutoka katika mchanganyiko wa maji na methanoli. Ilianza kwa umbo la beta, halafu ikageuka taratibu kuwa alfa. Aliyekuja kutazama mwishoni tu angeapa kwamba beta haikuwahi kuwapo.

Sasa turudi kwa lugha. Wapo wanaoiita mbinu hii ‘mwangwi wa sumaku’. Siafiki. Mwangwi ni sauti inayogonga mwamba ikarudi, na mwamba haubagui sauti. Kiini hubagua: hujibu tu kinapoitwa kwa masafa yake. Kwa hivyo napendekeza ‘mwitiko wa sumaku wa viini’. Na kwa kitendo chenyewe, tuseme chumvi hufanya fuwele, au, kwa wenye ujasiri, hufuwelika. ‘Kuganda’ tuliachie damu na maziwa.

Asubuhi nilimwita mwanafunzi wangu nikafuta jibu langu la awali. Akacheka, “Prof, mimi nilikuwa nimeshaandika ‘imeganda’ kila mahali.” Nikamwambia afute pia. Mgonjwa atakayesoma karatasi ile hana mwalimu wa kumuuliza.