Mvumo wa Ekseli ya Nyuma: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Gari la chama linapoanza kuvuma upande wa nyuma, lawama huangukia difu kabla ya kitu kingine chochote. Katibu hutumwa Kariakoo au Gerezani kutafuta difu iliyotumika, fedha za wanachama hutoka, na pengine gari hurudi kijijini likivuma vile vile. Hadhari hii yahusu zaidi magari yaliyobadilishwa: yaliyofungwa matairi makubwa, yaliyoinuliwa springi, au yaliyowekewa difu ya gari jingine.

Jaribio la kwanza hufanyika barabarani, dereva akifuatana na fundi. Yatakiwa lami tambarare na utulivu. Kwa gari lililoko mjini, Barabara ya Umoja wa Mataifa, Upanga, asubuhi ya mapema siku ya Jumapili, yafaa kuliko mitaa ya Kariakoo ambako honi na makelele huficha mlio wa gari. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Mambo manne yachunguzwe kwa utaratibu.

Kwanza, matairi. Mvumo ukibadilika gari linapotoka lami laini na kuingia lami mbovu, lakini usibadilike mafuta yanapokanyagwa au kuachiwa, mshukiwa ni tairi. Matairi yenye kashata kubwa huvuma hata yakiwa mapya.

Pili, beringi za magurudumu. Mvumo ukizidi gari linapopinda upande mmoja na kupungua linapopinda upande wa pili, itazamwe beringi ya gurudumu linaloelemewa. Gari likipinda kushoto, uzito huenda kulia.

Tatu, propela shafti. Hii huleta mtetemo zaidi kuliko mvumo, nao hukua kadiri mwendo unavyoongezeka. Springi zikiinuliwa, pembe ya shafti hubadilika na viungo vyake huchakaa upesi.

Nne, difu yenyewe. Sauti yake aghalabu hufuata mguu wa dereva. Ikisikika anapokanyaga mafuta na kutulia anapoachia, huenda meno yamelika upande unaosukuma, au pinioni haikukaa mahali pake. Ikisikika anapoachia, huenda nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni imezidi, au beringi ya pinioni imelegea. Ikisikika kwenye kona tu, na beringi za magurudumu ni nzima, zikaguliwe gia ndogo zilizomo ndani ya difu.

Kisha gari lisimame mahali tambarare, ipimwe oili. Yapasa kufika ukingo wa tundu la kujazia, na iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Inapomwagwa, ute laini wa kijivu si jambo la kutisha; vipande vya chuma ni ushahidi kwamba kitu kimevunjika.

Ikithibitika kwamba difu ndiyo mbovu, mnunuzi akumbuke mambo mawili. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani zikawa jozi. Kununua moja na kuiacha nyingine ni kununua mvumo mpya. Tena, uwiano wa meno lazima ulingane na gari. Land Rover za zamani za Series zilikuwa na uwiano wa 4.7 kwa 1, lakini Defender zilitumia 3.54 kwa 1. Kwa macho ya nje, difu hizo mbili zaweza kumdanganya mtu. Dawa ni kuzungusha pinioni pale pale dukani na kuhesabu mizunguko yake mpaka krauni itimize mzunguko mmoja. Katika gari la magurudumu manne yanayosukuma, difu ya mbele na ya nyuma zikitofautiana, gia zitavutana mpaka kitu kivunjike.

Matokeo ya majaribio yaandikwe: mvumo ulisikika lini, kwa mwendo gani, na oili ilikutwaje. Maandishi hayo yaambatanishwe na ombi la fedha mbele ya Bodi, na baadaye risiti iwekwe pamoja nayo. Hata hivyo, uangalifu wa matumizi usiwe kisingizio cha kuahirisha matengenezo. Difu inayokwama gari likiwa mwendoni hufunga magurudumu ya nyuma ghafla. Gari lililokwisha kuonyesha vipande vya chuma katika oili lisipakiwe mazao wala watu mpaka litengenezwe.