Hofu ya kipindupindu Mpulungu, hasara Sumbawanga

Kutoka Sumbawanga hadi Mpulungu ni safari isiyofika kilomita 200. Unapita Matai, unavuka mpaka Kasesya, unaingia Mbala, kisha barabara inaanza kuporomoka kuelekea ziwani. Sumbawanga iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na baridi yake ya Juni na Julai inajulikana. Maji ya Ziwa Tanganyika yako zaidi ya mita 1,000 chini ya hapo. Ndiyo maana mfanyakazi wa uwanda wa Ufipa akipata siku tatu za mapumziko hutamani joto, mchanga na samaki wa kuchoma. Wapo wanaoteremka Kasanga au Kipili, upande wetu. Wapo pia wanaovuka, kwa sababu Mpulungu ina vitu vingi mahali pamoja: ndiyo bandari pekee ya Zambia katika ziwa hili, na kutoka hapo boti huwapeleka wageni kwenye loji za ufukweni, kwenye maporomoko ya Kalambo yenye kimo cha zaidi ya mita 200, na kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nsumbu.

Halafu siku moja redio inatangaza kipindupindu.

Tangazo la namna hiyo lilisikika kwa kishindo Oktoba 2023, mlipuko ulipotangazwa Zambia. Ulipamba moto Lusaka, ukasambaa mikoani, na kabla haujadhibitiwa mwaka 2024 ulikuwa umewaambukiza watu zaidi ya 20,000 na kuua zaidi ya 700. Uwanja wa mpira wa Heroes jijini Lusaka uligeuzwa kituo cha matibabu. Shule zilizokuwa zifunguliwe Januari zikasubiri hadi Februari. Mpulungu iko mbali sana na Lusaka, lakini ni miongoni mwa wilaya za kaskazini mwa Zambia zinazotajwa mara kwa mara kipindupindu kinapozuka, na mteja anayesikia jina la Zambia redioni hapimi umbali wa Lusaka na ziwa.

Ukitaka kuelewa hasara inavyotembea, anza na hiari ya mteja. Mgeni wa ufukweni ana hiari. Anapiga simu, anaahirisha, hela yake anaipeleka Mbeya au anaiacha benki. Kwa hiyo wa kwanza kuumia ni mwenye vyumba vya kulala, halafu nahodha wa boti ya kukodi, mama lishe, dereva wa bodaboda na kijana wa kubadilisha kwacha pale mpakani. Mchuuzi hana hiari hiyo. Mama aliyekopa kwenye kikundi cha VICOBA ili anunue dagaa hawezi kuuambia mkopo usubiri ugonjwa upite. Atavuka tu. Akikuta kwenye kituo cha mpaka foleni ndefu, maswali mengi na uwezekano wa mzigo kuzuiwa, atazunguka. Mpaka wa Wilaya ya Kalambo ni mashamba, vijito na vijia, na Walungu na Wamambwe wana ndugu pande zote mbili. Harusi na misiba huvuka bila kusubiri muhuri. Njia za panya zinajulikana hata na watoto.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodai mpaka ufungwe kila hofu inapoingia. Kasesya wakati wa tahadhari inakuwa na ndoo ya maji yenye koki, kipande cha sabuni, kipimajoto kinacholengwa kwenye paji la uso na daftari la majina. Ni vitu vidogo, ila vinamkutanisha msafiri na afisa afya anayeweza kumwambia dalili ni zipi na akaripoti wapi. Aliyepita porini hakukutana na yeyote. Na kufunga kwenyewe hakudumu: tuliona Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde, mkabala na Tunduma, baada ya wagonjwa 76 wa korona kupatikana huko kwa mkupuo. Haikupita wiki, malori ya mizigo yakaruhusiwa tena, maana nchi isiyo na bahari haiwezi kuufunga mlango unaoleta mafuta na bidhaa zake kutoka Dar es Salaam.

Mahindi yanatoa ushahidi ulio karibu zaidi na mkulima wa Rukwa. Februari 2024, wakati kipindupindu hakijaisha, Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Miezi michache baadaye Tanzania ilikubali kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA. Rukwa ni mmoja wa mikoa inayoijazia nchi maghala. Mpaka ungefungwa kwa sababu ya ugonjwa, ukame ungewaua waliopona, na gunia la mkulima wa Laela lingekosa soko zuri kama lile.

Turudi kwenye samaki, kwa sababu ndio biashara inayoubeba mwambao wote. Dagaa wa Tanganyika, ambao ng'ambo huitwa kapenta, huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu dagaa hawafuati taa, kazi inasimama, na wavuvi wanatawanyika: huyu anakwenda kwao Kirando, yule Kasanga, mwingine anavuka. Kambi ya wavuvi inaweza kuwa na mamia ya watu na vyoo viwili, au bila choo kabisa. Maji ya kunywa yanachotwa palepale vyombo vinapooshewa. Mtu mmoja akiugua kambini siku mwezi unapojaa, vijiji vingi vitaupata ugonjwa kabla giza halijarudi. Usafiri nao haujasaidia. Meli ya abiria ya MV Liemba iliposimama, abiria wengi wa mwambao walibaki na maboti ya mbao yasiyo na choo wala maji safi. Na ziwa hili lilishatuonya: Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga, Kigoma, wagonjwa wa kipindupindu walifika 3,000 katika muda mfupi na zaidi ya watu 30 wakafa.

Je, dagaa wenyewe ni hatari? Dagaa waliokaushwa vizuri na kupikwa hawaambukizi kipindupindu, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likisema kwamba kupiga marufuku vyakula kutoka nchi yenye ugonjwa huu hakuna msingi. Pamoja na hayo, Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji kwa hofu hiyohiyo, na zuio likadumu hadi katikati ya 1998. Viwanda vya minofu kandokando ya Ziwa Victoria viliumia vibaya.

Mnunuzi mzoefu wa dagaa hakuhitaji Ulaya imfundishe. Anaingiza mkono katikati ya gunia, anatoa konzi moja, anasugua kiganjani kuona kama kuna mchanga, ananusa. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja hutoka safi. Walioanikwa chini hubeba mchanga na kila kilichopita juu ya mchanga huo. Tofauti hiyo ina bei siku zote, na wakati wa hofu inapaswa kuwa kubwa zaidi. Mchuuzi mwenye vichanja na maji ya kisima ana cha kumwonyesha mteja.

Ninasema hivyohivyo kwa wenye loji, wa Mpulungu na wa kwetu. Mgeni akipiga simu kuuliza hali, kumjibu "huku shwari" hakumsaidii. Mwambie maji yanatoka wapi, yanawekwa klorini au yanachemshwa, kituo cha afya kiko umbali gani. Mruhusu aahirishe bila kupoteza amana. Atarudi, na atakuja na wenzake. Kipindupindu kina tiba rahisi kuliko sifa yake: mgonjwa akipewa mapema maji yenye chumvi za ORS, na dripu akizidiwa, vifo havifiki mmoja katika kila wagonjwa 100. Katika mlipuko ule wa Zambia vilizidi watatu, na wengi walifia nyumbani au walifika wamechelewa. Kwa msafiri, basi, tahadhari inaeleweka: maji yaliyochemshwa, chakula cha moto, kachumbari isubiri, pakiti chache za ORS mfukoni.

Kuna wafanyabiashara wa Kasanga na Kipili wanaoweza kudhani kwamba Mpulungu ikikimbiwa, wageni watahamia kwao. Nawasihi wasiweke mipango yao hapo. Ziwa ni lilelile, boti ni zilezile, na mtalii wa mbali akisikia ugonjwa Tanganyika anafuta ziwa lote kwenye ratiba yake. Lami imeshafika bandari ya Kasanga kutoka Sumbawanga. Zambia nayo imekuwa ikiinadi Kasaba Bay kama kituo kikubwa cha utalii wa kaskazini. Wageni wakiongezeka ng'ambo, nasi tutafaidika, mradi mwambao wote uaminike.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda Kalambo na Nkasi, kwa madiwani na wakurugenzi wa halmashauri. Kila gunia la dagaa linalotoka mwaloni hulipiwa ushuru. Bajeti ijayo itenge sehemu ya ushuru huo, iandikwe wazi, kwa ajili ya vyoo, visima na vichanja katika mialo na kambi za wavuvi, na kazi ikamilike kabla ya masika. Maafisa afya wa Kasesya na Mbala wapewe njia ya kupeana taarifa siku ileile mgonjwa anapopatikana, ili mchuuzi na msafiri wazipate kutoka kwao kabla hawajazisikia kwa uvumi stendi ya Sumbawanga.