Utafiti wenye swali sahihi huokoa bustani za mjini

MAJIJI mengi ya Afrika Mashariki yana mvutano wa siku nyingi na wakulima wa mboga. Mkulima anataka kipande cha ardhi karibu na soko, mchuuzi anataka mchicha ambao haujanyauka, na bwana afya anahofia usalama wa mlaji. Suala hilo likiachiwa mgambo peke yao, matuta hufyekwa na familia hupoteza kipato, huku mlaji akiwa hajui kama mboga ilikuwa nzuri au mbaya.

Jiji la Kampala, Uganda, linaonyesha njia nyingine. Kwa miaka mingi sheria zilikibana kilimo cha mjini, lakini wakazi waliendelea kulima na kufuga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, maofisa wa jiji walikaa pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na mpango wa Urban Harvest wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi. Badala ya kubishana iwapo kilimo hicho ni kizuri au kibaya, walitafuta kujua hatari iko wapi na inaweza kupunguzwa vipi.

Hatua 40 kutoka barabarani

Miongoni mwa kazi za kipindi hicho ni ya Grace Nabulo na wenzake, iliyochapishwa mwaka 2006. Walipima udongo na mboga katika mashamba 11 kandokando ya barabara kuu za Kampala. Waligundua kuwa madini ya risasi kwenye udongo hupungua kadiri mtu anavyoiacha barabara, hadi umbali wa mita 30. Sehemu kubwa ya risasi ilifika kwenye mimea kwa njia ya hewa, na majani yalikuwa nayo zaidi kuliko mizizi. Matunda yalikuwa na risasi kidogo kuliko majani ya mmea huo huo.

Ushauri wao ulikuwa mfupi: mboga za majani zilimwe mita 30 kutoka kwenye barabara zenye magari mengi. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Mkulima anaweza kuzipima bila mtaalamu, na mchuuzi anaweza kuuliza kabla ya kununua.

Mwaka 2006 huo huo, Kampala ilipata sheria ndogo tano zinazohusu kilimo cha mjini, mifugo, nyama, maziwa na samaki. Kilimo kikatambuliwa, kikiwa na masharti na vibali.

Faida na mipaka yake

Kiuchumi, tofauti ni kubwa. Amri ya kufyeka kila kitu humwadhibu hata mkulima aliye mbali na barabara. Kipimo kinachoeleweka hugusa eneo lenye hatari tu, na mengine huendelea kuzalisha.

Hata hivyo, utafiti una umri wake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, hivyo hewa ya barabarani si ile iliyopimwa wakati ule. Lakini risasi haiozi. Iliyokwisha kuingia ardhini hudumu. Jiji linalotaka kutumia kipimo cha zamani halina budi kupima upya udongo wake.

Kwa wakulima wa mabondeni, kama wale wa Msimbazi jijini Dar es Salaam, na wachuuzi wanaowategemea, kuna mambo matatu ya kudai halmashauri inapoagiza utafiti. Kwanza, vikundi vyao vishirikishwe wakati swali linapopangwa, si siku ya kusomewa majibu. Pili, matokeo yatolewe kwa Kiswahili na kwa vipimo vya shambani. Tatu, ijulikane mapema ni uamuzi gani unasubiri majibu hayo. Utafiti usio na uamuzi unaousubiri huishia kabatini, na gharama yake hulipwa na mlipa kodi.