Kobe wako analala juu ya nini?

Iwapo kuna mnyama anayeweza kuugua miezi mingi bila mwenye nyumba kutambua, basi ni kobe. Hafanyi kelele kama paka mwenye njaa, wala hachechemei kama mbwa aliyechomwa na mwiba. Hujikunyata ndani ya gamba lake akanyamaza, nawe ukadhani amepumzika. Na aghalabu kinachomuua si chakula, bali ni kile anachokikanyaga na kukilalia.

Nakumbuka kobe mmoja wa madoadoa niliyemwona uani kwa mzee fulani, mtaani nisikokutaja kwa sababu utakayoiona punde. Aliokotwa kando ya barabara kuu ya Mombasa akiwa mdogo kama kikombe cha chai, na wajukuu wa mzee wakamfanya ndugu yao. Mzee hakumfanyia ubahili. Alimjengea kibanda cha mawe, paa la mabati na sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri, na kila asubuhi sakafu hiyo ilimwagiwa maji na kusuguliwa.

Tulipomwinua tukaona gamba la tumboni limesagika, lina mabaka meupe yaliyolainika, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichooza.

"Mzee, ni sakafu inayomuumiza," nikamwambia.

"Mwanangu, mbona sakafu hii ni safi kuliko chumba changu?" akauliza.

Usafi haukuwa tatizo. Saruji hukwaruza gamba na kumaliza kucha. Usiku hupoa na kumnyonya joto, naye hana joto lake mwenyewe la kutegemea, bali hulipata kwa jua. Ukiongeza maji ya kila siku yasiyopata pa kuingia, gamba huanza kuoza. Miezi ya Juni na Julai, Nairobi inapokuwa na baridi na ukungu, kobe wa aina hiyo hupata mafua, akatoa mapovu puani. Na kwa kuwa maumbile hayakumpa uwezo wa kukohoa vizuri, uchafu hubaki mapafuni.

Kabla hatujaendelea, ni lazima nikuonye. Hapa Kenya kobe wa porini ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haikuruhusu kumfuga bila kibali. Ukimwokota, usimpeleke nyumbani. Wapigie maafisa wa KWS. Maneno haya basi ni ya wenye vibali, ya wanaotunza kobe mahali palipoidhinishwa, na ya jamaa zetu walio ng'ambo ambako kobe waliozalishwa mikononi mwa watu huuzwa kihalali.

Sasa tumtandikie nini? Jibu ni udongo. Chukua udongo wa kawaida wa bustani, uliotoka mahali pasipopulizwa dawa wala kutiwa mbolea ya dukani, uuchanganye na mchanga safi, udongo ukiwa mwingi kuliko mchanga. Tandaza kina cha sentimita 10 hadi 15. Kobe jike anayekaribia kutaga ahitaji kina zaidi, kwani huchimba shimo kwa miguu ya nyuma na kufukia mayai yake humo. Asipopata pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai tumboni, na hilo huweza kumwua.

Ule udongo mweusi wa Athi River na Embakasi usiutumie peke yake. Mvua ikinyesha hugeuka gundi, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kunasa mguu.

Mchanga mtupu nao ni hatari, ijapokuwa watu wengi hudhani ndio unaomfaa kwa sababu kobe huonekana maeneo makavu. Anapokula majani yaliyowekwa juu yake humeza chembe, ambazo hujikusanya na kuziba utumbo. Tena humwingia machoni. Chakula chochote kiweke juu ya jiwe bapa.

Na maranda ya seremala je? Ni ya bure na yananukia, ndiyo maana wengi huyakimbilia. Harufu hiyo hasa ndiyo mbaya. Mafuta ya miti kama mwangati huwasha njia ya hewa, na vumbi la msumeno humaliza kazi. Magazeti, hata hili unalolisoma, yanafaa kwa kobe mgonjwa aliyetengwa ili choo chake kionekane, lakini kwa siku zote huteleza, na kobe mchanga hukua miguu ikiwa imetanuka. Nyasi kavu ni sawa kwenye kona ya kulala mradi zisilowe, maana zikilowa huota ukungu.

Walio Pwani wana neema nyingine: vumbi la makumbi ya nazi. Huhifadhi unyevu bila kuwa tope, ila ukipata makumbi yaliyolowekwa baharini yasuuze kwa maji baridi hadi chumvi iishe. Changanya na udongo wako, hasa ikiwa unatunza vifaranga vya kobe. Hawa, tofauti na wakubwa, hukauka upesi, na wakikulia pakavu mno gamba huota vinundu visivyoondoka maishani. Ufinyange mkononi: ukishikana bila kudondosha maji, ni sawa. Upande mmoja wa kizimba uwe mkavu, naye atajichagulia.

Huko Pwani pia kuna Haller Park, alikoishi Mzee, yule kobe mkubwa aliyefanya urafiki na Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi Desemba 2004. Hifadhi hiyo ilikuwa machimbo ya mawe ya saruji, mwamba mtupu. René Haller alianza kupanda miti hapo mwaka 1971. Mivinje ilishika, lakini majani yake hayakuoza, mpaka majongoo walipoletwa kuyala na kuyageuza udongo. Hivyo udongo ulitengenezwa kwanza.

Ondoa choo kila siku, pindua udongo kila wiki, angalia siafu, na mkumbushe mtoto kunawa mikono kwa sabuni, kwani kobe hubeba vijidudu vya kuharisha hata akiwa mzima.

Yule mzee aliivunja saruji jioni ileile kwa sururu. Kobe alipowekwa juu ya udongo, alikaa kitambo bila kutoa kichwa, kisha akaanza kuparua kwa miguu ya mbele. Wiki iliyofuata mzee alikwenda mwenyewe kuwaita maafisa wa wanyamapori, nao wakaja wakamchukua na kumtibu. Wajukuu walilia. Mzee aliwauliza maafisa swali moja tu kabla gari halijaondoka: kule anakokwenda, sakafu yake ni ya nini?